Usisubiri Jina Lako Litoke: Kujiandaa na Usaili wa Utumishi wa Umma

Mtu akishatuma maombi ya kazi kwenye Ajira Portal, kinachofuata huwa ni kusubiri. Kila asubuhi anafungua tovuti ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, anatafuta tangazo la kuitwa kwenye usaili, anapakua PDF ndefu na kupekua jina lake ukurasa kwa ukurasa. Siku likionekana anapiga simu nyumbani kuomba nauli, kisha anaingia kwenye kundi la WhatsApp na kuuliza, "Wakuu, kada hii huwa wanatoa maswali gani?" Anauliza hivyo na usaili uko wiki ijayo.

Ukisoma mwongozo huu ukabaki na jambo moja tu, libaki hili: siku unayotuma maombi ndiyo siku ya kwanza ya kujiandaa. Tangazo la nafasi za kazi kwa kawaida hukaa wazi kama wiki mbili. Baada ya hapo hupita majuma, pengine miezi, maombi yakichambuliwa. Tangazo la kuitwa likishatoka, muda uliobaki ni mfupi mno kwa mtu aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita na tangu hapo anauza kwenye duka la dawa au anaendesha bodaboda. Kile kipindi cha kimya katikati ndicho muda wako wa kusoma, na hutapewa mwingine.

Utasema: kwa nini nijichoshe wakati sijui kama nitaitwa? Kwa sababu sehemu kubwa ya unachosoma haipotei. Katiba, maadili ya utumishi, muundo wa Serikali na misingi ya taaluma yako vinarudi kila usaili. Usipoitwa kwenye tangazo hili, utakuwa umeshajiandaa nusu kwa lijalo.

Huu si mtihani wa kufaulu

Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596. Walioomba walizidi 135,000. Gawanya mwenyewe, utapata takriban watu 85 kwa kila nafasi moja. Si kila kada ina msongamano wa namna hiyo, lakini hesabu hii inakuonyesha unaingia kwenye mtihani wa aina gani.

Shuleni na chuoni tulizoea mtihani ambao ukipata hamsini umevuka, na mwenzako akipata tisini hakupunguzii kitu. Usaili wa mchujo kazi yake ni kupanga watu foleni. Unaweza kupata 68, alama ambayo chuoni ungeifurahia, ukakuta mbele ya namba yako pameandikwa "Not Selected" kwa sababu wa mwisho kuchukuliwa alikuwa na 71. Kwa hiyo anayesoma ili asifeli ameshajipanga nyuma. Tofauti ya walioitwa na walioachwa mara nyingi ni maswali mawili matatu, na aghalabu si yale magumu ambayo kila mtu ameyakosa. Ni yale ya kawaida ambayo mtu aliyasoma juu juu akijiambia anayajua.

Mtaala uko ndani ya tangazo

Watu wengi hulisoma tangazo la kazi mara moja, kuangalia sifa za mwombaji na mshahara. Wakiona wanakidhi, wanatuma na kulisahau. Ajabu ni kwamba sehemu wanayoiruka, ile yenye kichwa "Majukumu ya Kazi", ndiyo itakayozaa maswali mengi. Anayetunga mtihani hana sababu ya kwenda mbali. Anataka kujua kama unaijua kazi uliyoiomba.

Tuchukue mfano wa kada inayoombwa na vijana wengi, Mtendaji wa Kijiji Daraja la III. Tangazo lake husema, pamoja na mengine, kwamba mtendaji ni Afisa Masuuli na Mtendaji Mkuu wa Serikali ya Kijiji; ni mlinzi wa amani; ni katibu wa mikutano na kamati za Halmashauri ya Kijiji; anasimamia utungaji wa sheria ndogo za kijiji; anatunza kumbukumbu na nyaraka za kijiji; anapokea na kutatua malalamiko ya wananchi; na anawajibika kwa Mtendaji wa Kata. Nakili kila jukumu kwenye ukurasa wake wa daftari. Chini yake andika maswali ambayo wewe ungemuuliza mtu anayetaka kazi hiyo. Afisa Masuuli maana yake nini, na anawajibika kwa fedha zipi? Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe wangapi? (Si chini ya 15, si zaidi ya 25.) Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa nani, na uitishwe kila baada ya muda gani? Ni wa wakazi wote waliofikisha miaka 18, kila miezi mitatu. Muhtasari wa kikao una vipengele gani? Mlinzi wa amani anaruhusiwa kufanya nini, na mamlaka yake yanaishia wapi?

Sasa tazama jinsi jukumu moja linavyogeuka swali la kuchagua:

*Sheria ndogo ya kijiji huanza kutumika baada ya kuidhinishwa na: A. Mkutano Mkuu wa Kijiji. B. Halmashauri ya Kijiji. C. Kamati ya Maendeleo ya Kata. D. Halmashauri ya Wilaya.*

Aliyesoma harakaharaka atachagua A, kwa kuwa anakumbuka kwamba Mkutano Mkuu ndicho chombo cha juu kijijini. Mwingine atachagua B, kwa kuwa Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayotunga. Wote wawili wana sehemu ya ukweli, na ndiyo maana majibu hayo yamewekwa pale. Utaratibu wenyewe ni kwamba Halmashauri ya Kijiji inaandaa, Mkutano Mkuu unatoa maoni, kisha Halmashauri ya Wilaya inaidhinisha. Jibu ni D. Swali hili halihitaji akili nyingi, linahitaji mtu aliyefuata hatua moja baada ya nyingine badala ya kukariri kichwa cha habari.

Fanya hivyohivyo kwa kada yako. Kama ni Afisa Maendeleo ya Jamii, ukifika kwenye jukumu la mikopo ya vikundi usiishie kuandika "asilimia kumi". Jiulize inagawanywaje: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kisha jipe hesabu. Halmashauri imekusanya mapato ya ndani, ukiondoa vyanzo lindwa, shilingi milioni 600; vijana watatengewa kiasi gani? Milioni 24. Kama ni mtunza kumbukumbu, ifungue Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 na ujiulize faili linazaliwaje, linatembeaje ofisini, linafungwa lini. Mtu wa TEHAMA asiende bila kuisoma Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hata kama amebobea kwenye kuandika programu. Dereva naye asidhani leseni inamtosha, kwani kada yake ina usaili wa vitendo, na maswali ya kukagua gari kabla ya safari, kujaza kitabu cha safari na alama za barabarani yako palepale.

Yale ya watu wote

Chini ya maswali ya taaluma kuna tabaka la mambo ambayo mtumishi yeyote wa umma anatarajiwa kuyajua. Anza na Katiba ya 1977: mihimili mitatu ya dola, mambo ya Muungano, na Ibara ya 145 na 146 kuhusu Serikali za Mitaa kama unaomba kazi ya halmashauri. Ifuate Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya 2002 pamoja na Kanuni zake za 2022. Usijaribu kuimeza sheria nzima. Tafuta nani ana mamlaka ya kuajiri, nidhamu inashughulikiwaje, na rufaa inakwenda wapi.

Maadili ndiyo yanayodharauliwa kuliko yote, labda kwa sababu yanaonekana ni mambo ya busara ya kawaida. Kanuni za maadili katika utumishi wa umma ni nane: kutoa huduma bora, utii kwa Serikali, bidii ya kazi, kutoa huduma bila upendeleo, uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria, na matumizi sahihi ya taarifa. Kuzitaja ni rahisi. Kazi inakuja pale mtungaji anapokupa kisa. Mtumishi ameombwa na shemeji yake nakala ya barua iliyomo kwenye faili la siri, naye akampa bila kuchukua hata senti: amevunja kanuni ipi? Wengi hukimbilia uadilifu au upendeleo, lakini kiini cha kisa ni taarifa. Tunga visa vyako kumi vya namna hiyo, kila kimoja kiguse kanuni moja zaidi ya nyingine, na uwape wenzako wakujibu. Mkibishana, mtajifunza zaidi ya mlivyotarajia.

Lugha nayo iangalie mapema. Mitihani ya kada za chini mara nyingi huja kwa Kiswahili. Ya wahitimu wa shahada huja kwa Kiingereza mara nyingi zaidi. Jifunze jina la kila dhana kwa lugha zote mbili. Nimeona watu wanaoijua kazi vizuri wakikwama kwa sababu neno walilolizoea ofisini wakati wa mafunzo kwa vitendo limeandikwa kwa lugha nyingine kwenye karatasi.

Pepa za zamani zina sumu yake

Makundi ya Telegram na WhatsApp yamejaa "maswali na majibu ya Utumishi". Mengine yanauzwa elfu tano, mengine elfu kumi. Siwaambii watu wasiyasome. Yanakupa picha ya jinsi maswali yanavyoulizwa, na hilo lina faida. Ila yatumie maswali, uyaache majibu. Majibu mengi yameandikwa na watu wasiojulikana, yamenakiliwa mwaka hadi mwaka bila kusahihishwa, huku sheria na mifumo ikibadilika.

Angalia mambo machache tu yaliyobadilika karibuni. Pepa za nyuma zitakuuliza kuhusu OPRAS, mfumo wa kupima utendaji wa mtumishi ulioanza 2004. Leo watumishi wanapimwa kwa PEPMIS. Zitakuambia ununuzi wa umma unaongozwa na sheria ya 2011 na unafanyika kupitia TANePS. Sheria iliyopo ni Na. 10 ya 2023, na mfumo ni NeST. Zitataja Dira ya Maendeleo ya 2025 kana kwamba ndiyo ya mwisho, wakati Dira ya 2050 ilizinduliwa Julai 2025. Zitakuambia Baraza la Kata linaamua migogoro ya ardhi. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 linasuluhisha tu. Ukikariri majibu hayo unakwenda kukosa kwa uhakika, tena ukiwa umelipia.

Kila jibu la pepa ya zamani lirudishe kwenye chanzo. Tovuti za wizara, Bunge na taasisi husika zina sheria na miongozo mingi ya kupakua bure. Pia ijue taasisi uliyoomba: ilianzishwa kwa sheria gani, iko chini ya wizara ipi, dira na dhima yake ni nini, nani anaiongoza sasa. Hayo yote yanapatikana kwenye tovuti yake, na kuyakosa ni uvivu.

Kusoma kwenyewe

Hapa wengi huharibu. Wanasoma kwa kurudia kurasa zilezile, wanapiga mistari ya rangi, na kila wakirudia wanahisi wameelewa zaidi. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine walirudia kuvisoma. Wengine walisoma kisha wakajijaribu kuandika walichokumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka zaidi kwa tofauti kubwa. Usaili wako hauko dakika tano baada ya kufunga daftari.

Kwa hiyo funga daftari mapema. Soma ukurasa, ufunike, andika au sema kwa sauti ulichoshika, kisha fungua uone ulichoacha. Yale uliyoyaacha ndiyo ya kurudia. Daftari la maswali nililolitaja hapo juu litakusaidia: maswali upande wa kushoto, majibu upande wa kulia, na unafunika kulia kwa karatasi unapojihoji. Swali ulilolipata leo lirudie baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Ulilolikosa lirudie kesho.

Kama una kazi ya kutwa, usijipangie saa sita za usiku ambazo hutazitimiza. Saa moja ya alfajiri kabla watu hawajaamka inazaa kuliko hizo. Rekodi maswali na majibu kwa sauti yako kwenye simu, usikilize kwenye daladala au ukisubiri abiria. Tafuta wenzako wawili au watatu wa kada moja na wewe mkutane mara moja kwa wiki, kila mmoja aje na maswali yake kumi. Watatu wanatosha. Kundi la WhatsApp la watu mia mbili si kundi la kusoma, ni baraza: utatoka na uvumi wa tarehe za usaili na nani amemhonga nani, na saa mbili zimeisha.

Nijibu na hoja ya koneksheni, kwamba kazi hupata anayemjua mtu, hapahapa, maana linawakatisha watu tamaa kuliko ugumu wa mtihani. Waliopata kazi bila kumjua mtu wapo wengi, utawakuta kwenye shule, zahanati na ofisi za kata nchi nzima. Anayeamini kwamba matokeo yamepangwa hasomi, na asiyesoma hapati, basi imani yake inajithibitisha yenyewe.

Vyeti kabla ya vitabu

Kuna watu wanaoujua mtihani lakini wanaishia mlangoni. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa ni Jumanne, cha kidato cha nne ni Juma, kitambulisho cha NIDA kina jina la babu ambalo halipo kwingine. Ukiwa na tofauti ya majina, shughulikia hati ya kisheria ya kubadili jina au ya kiapo sasa hivi. Usisubiri wiki ya usaili, kwani wakili na msajili hawatakimbia kwa sababu yako.

Hati za matokeo na barua za chuo hazipokelewi badala ya vyeti halisi. Tangazo huwa linalisema hilo waziwazi na bado watu huja nazo. Waliosoma nje ya nchi wahakikishe vyeti vyao vimetambuliwa na TCU, NACTVET au NECTA, kulingana na ngazi. Kada zenye bodi za kitaaluma, kama wauguzi na wahandisi, ziende na usajili na leseni ambayo haijaisha muda. Barua ya maombi iwe na sahihi yako. Mwombaji mwenye ulemavu aueleze kwenye mfumo, ili atakapofika kwenye kituo wawe wameshajua mahitaji yake.

Jambo jingine dogo lenye madhara makubwa ni mkoa unaoishi, ulioujaza kwenye akaunti yako. Siku hizi usaili wa mchujo wa kada nyingi hufanyika mikoani, na kituo hupangwa kwa kufuata mkoa uliouandika. Kama ulifungua akaunti ukiwa chuoni Mwanza na sasa unaishi Songea, rekebisha leo. Nauli ya kwenda Mwanza utaitoa wewe, maana kila msailiwa anajigharamia usafiri, chakula na malazi.

Siku yenyewe

Namba ya usaili iko kwenye akaunti yako. Iandike kwenye karatasi, usitegemee kupewa kituoni. Beba kitambulisho halisi. Kama usaili uko Chuo Kikuu cha Dodoma na hujawahi kufika, nenda ukakione kituo jana yake. Chuo kile kimetapakaa mlimani, ndaki moja na nyingine zimeachana, na dereva wa bodaboda ukimwambia tu "UDOM" atakushusha popote. Tafuta pa kulala mapema, kwani msimu wa usaili gesti za karibu hujaa.

Mtihani ukiwa wa kompyuta, na huko ndiko unakoelekea, hakikisha umewahi kufanya mazoezi ya kutumia kipanya na kibodi. Aliyezoea simu tu hupoteza dakika za mwanzo akijifunza vitu ambavyo angeweza kuvijaribu kwenye intaneti kafe ya mtaani. Soma maelekezo kabla ya swali la kwanza. Yanasema una muda gani, na kama jibu baya linapunguza alama au la. Kama halipunguzi, usiache swali hata moja tupu. Jibu unayoyajua kwanza, yaliyokutatiza yarudie mwishoni. Na soma swali hadi nukta ya mwisho: "lipi kati ya haya SI jukumu la…" limewaangusha wengi waliokuwa wanajua majukumu yote.

Mbele ya jopo

Ukivuka mchujo unaitwa kwenye mahojiano ya ana kwa ana, ambayo wengi wanayaita orali. Hapa watu hupotoshwa na fikra kwamba ni mahali pa kupendeza. Usafi na adabu vinahitajika, ndiyo: salimia, subiri ukaribishwe kukaa, jibu ukimtazama aliyekuuliza. Lakini wajumbe wa jopo wana karatasi ya alama mbele yao, na kwa kawaida wasailiwa wa kada moja huulizwa maswali yaleyale. Wanasikiliza hoja ngapi za kweli umetoa. Anayezungumza kwa ufasaha dakika tatu bila hoja anapata kidogo kuliko anayetoa hoja nne kwa dakika moja na nusu.

Swali la kwanza mara nyingi ni la kujitambulisha. Jiandae nalo kwa maneno yako: jina, elimu, uzoefu unaohusiana na kazi, basi. Historia ya kijiji chenu na idadi ya ndugu hazihitajiki.

Maswali mengine yatakuja kama visa. Kwa mtendaji wa kijiji: "Mwananchi amefika ofisini kwako, analalamika kwamba jirani yake amesogeza mpaka wa shamba. Utafanya nini?" Jibu dhaifu ni "nitawaita na kuwapatanisha". Jibu lenye alama lina hatua: nitamsikiliza na kuyaandika malalamiko kwenye rejesta; nitamwita mlalamikiwa nimsikilize pia; nitaangalia kumbukumbu za ardhi za kijiji na kutembelea eneo pamoja na wajumbe; wasipokubaliana nitawaelekeza Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba wakiwemo wanawake watatu, ambalo kazi yake ni usuluhishi; na nitawaeleza ngazi inayofuata bila mimi kujifanya hakimu. Umeonyesha utaratibu, umeonyesha unajua mipaka ya ofisi yako, na umetaja chombo sahihi. Fanyia mazoezi visa vya kada yako kwa sauti, mbele ya mtu, si kichwani. Kichwani kila mtu anajieleza vizuri.

Ukiwa hujasikia swali, omba urudiwe. Usipojua jibu, sema hufahamu na mwendelee. Kubuni mbele ya wataalamu kunagharimu alama, na pia kunawafanya watilie shaka yale uliyojibu vizuri kabla ya hapo.

Baada ya hapo

Waliofaulu mahojiano lakini nafasi zikawa zimejaa huwekwa kwenye kanzidata kwa muda maalumu, na wanaweza kupangiwa kazi nafasi ikipatikana kwingine. Kwa hiyo endelea kufungua akaunti yako na kupatikana kwenye simu ile uliyoiandika. Kama hukuchaguliwa, ukifika nyumbani andika kwenye daftari kila swali unalolikumbuka, kabla hujalala. Wiki ikipita hutayakumbuka, na daftari hilo litakufaa kuliko pepa zote za kununua.

Na kama kuna mtu atakupigia akisema ameliona jina lako linakatwa, ila kwa laki mbili anaweza kulishikilia, usimtumie hata mia. Kuomba kazi, kufanya usaili na kupangiwa kituo havilipiwi. Andika namba yake na upige TAKUKURU kwa 113. Simu hiyo ni ya bure.